Mota Iliyochoka Haijafa: Hoja kwa Wenye Vyeti



Nchi inayochimba dhahabu Geita na almasi Mwadui haipaswi kushindwa na vipande viwili vya kaboni. Tunashindwa navyo kila siku, na aibu hiyo haiwahusu mafundi wa Kahama. Inatuhusu sisi wenye shahada.

Nitatumia mfano mdogo kwa makusudi. Lichukue gari la kuchezea linaloongozwa kwa rimoti, lile kubwa la mashindano. Baada ya miezi kadhaa linapoteza kasi, mota inachemka, betri inaisha upesi, na ukilitazama gizani unaona cheche nyingi ndani ya mota. Mzazi anatamka hukumu: limekufa. Kesho yake liko jalalani, na kesho kutwa linaagizwa jingine.

Halikufa. Mimi si mhandisi. Fani yangu ni sayansi ya jamii. Haya nilifundishwa na fundi wa stata mjini Kahama, kijana aliyeishia darasa la saba. Ndani ya mota ya aina hiyo kuna amecha, yaani sehemu inayozunguka, na kwenye ncha yake kuna pete ya shaba iliyokatwa vipande. Kaboni mbili hubanwa na springi juu ya pete hiyo ili kupitisha umeme. Kaboni ni laini kuliko shaba kwa sababu imewekwa pale ili ilike yenyewe, na shaba isalimike. Aliyebuni mota hiyo alitarajia kwamba siku moja mtu ataifungua. Sisi ndio tuliofanya siku hiyo kuwa siku ya mazishi.

Kazi yenyewe ni ya subira tu. Fundi hufungua mota, huitoa amecha na kuisafisha pete kwa msasa laini, kisha hukwangua vumbi la kaboni lililojaa katika nafasi kati ya vipande vya shaba. Hupima kwa mita kuhakikisha kwamba shaba haijagusana na chuma cha shafti. Huweka kaboni mpya, hukagua kama springi bado ina nguvu, hutia tone la mafuta kwenye bushi. Mwisho huizungusha mota kwa umeme mdogo bila mzigo, mpaka uso wa kaboni uchukue mviringo wa pete. Anayeruka hatua hii ya mwisho hurudi na malalamiko baada ya siku chache.

Zipo mota zisizotengenezeka, na nisiwadanganye wasomaji wangu. Koili ikiungua au kipande cha shaba kikinyanyuka, gharama huwa kubwa kuliko faida. Viko pia vimota vidogo ambavyo ganda lake limekunjwa kiwandani kwa namna inayomkataza mtu kuingia. Hapo kosa si la fundi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwawezesha wananchi wake kutengenezewa bidhaa zao badala ya kuzitupa. Matajiri wameona hasara ya kutupa. Sisi maskini tunaona fahari.

Atakuja msomi mmoja aniambie kwamba mota za kaboni zinapitwa na wakati, kwamba mota za kisasa hazina kaboni kabisa. Ni kweli, na hata mota kubwa za umeme zinazoendesha makarasha huko Geita kwa kawaida hazina kaboni. Lakini grainda na drili nyingi za mafundi wetu bado zinazo. Brenda za jikoni zinazo. Stata za magari zinazo. Mtoto aliyetengeneza mota ya gari lake la kuchezea ameshika mkononi kanuni ileile inayowasha basi la kwenda Mwanza.

Sasa nije kwenye kiini cha ugomvi wangu. Mhitimu wetu wa sekondari anaweza kuchora kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming bila kutazama daftari, lakini hajawahi kuifungua mota hata moja. Fundi wangu wa Kahama amefungua mamia, lakini kanuni hiyo hajaisikia. Wa kwanza tunampa cheti na wa pili tunamwita mtu wa mtaani. Kisha Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinapotutaka tutoe huduma migodini, tunashangaa kwa nini tunang'ang'ania zabuni za chakula na ulinzi.

Tangu mwaka 2024 tumeanza mkondo wa amali katika sekondari. Naupongeza uamuzi huo, ila nauonya mapema: amali inayofundishwa ubaoni ni nadharia iliyovaa ovaroli. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mota chakavu zikusanywe na kupelekwa shuleni, maana hazina gharama na zimejaa mitaani. Pili, mafundi wa gereji waalikwe darasani na walipwe kama wakufunzi. Tatu, utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa uwafuate mafundi walipo, hadi kwenye vibanda vya Katoro na Nyarugusu, badala ya kuwasubiri mjini wakiwa wamefunga kazi inayowalisha.

Hayo hayahitaji mkopo wa nje wala mshauri mwelekezi. Yanahitaji wenye vyeti tukubali kwamba elimu inaweza kukaa juu ya kigoda, ikiwa na mikono myeusi kwa vumbi la kaboni.

Naomba kutoa hoja.