Hesabuni Pia Miaka Ambayo Shule Zilifungwa: Barua ya Wazi kwa KUCCPS

Kwako Afisa Mkuu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka Lamu kuhusu watahiniwa wachache mno, ambao pengine hata hawaonekani katika majedwali yenu ya kugawa nafasi za vyuo: watoto wa Waaweer, ambao huku Pwani wengi tunawaita Waboni. Vijiji vyao, Mangai, Mararani, Milimani, Basuba na Kiangwe, viko kwenye msitu wa Boni na kando yake, Lamu Mashariki. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na matokeo ya KCSE yakitangazwa, majina yao ndiyo ninayoyatafuta kwanza.

Hebu tupige hesabu kidogo. Shule za msingi za wadi yao ya Basuba zilifungwa 2014, mashambulizi ya al-Shabaab yalipopamba moto. Walimu wakaondoka. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha operesheni ya usalama ya Linda Boni, na shule zikabaki zimefungwa kwa miaka. Zilipoanza kufunguliwa, zilifunguliwa kwa madarasa ya chini. Waliotaka kuendelea ilibidi waende bweni Mokowe, mbali na wazazi. Sasa, mtoto aliyestahili kuingia darasa la kwanza Januari 2015 ndiye mtahiniwa wa KCSE ya 2026. Mdogo wake wa 2016 yumo katika kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, la 2027. Maana yake ni kwamba wale waliokosa shule katika umri wa kujifunza kusoma ndio hasa wanaofika mlangoni kwenu miaka hii, na mlango unawauliza swali lilelile unalomuuliza mtoto wa Nairobi ambaye hakukosa hata muhula mmoja: una C+?

C+, alama ya chini ya kuingilia digrii, ni pointi 46 kati ya 84. Mwenye 45 hamumuoni. Sisemi pointi hiyo moja haina maana. Nasema tu kwamba pointi 45 za kijana aliyejifunzia kusoma bwenini, akiwa na miaka kumi, zina habari ndani yake ambayo kompyuta yenu haijaulizwa kuisoma.

Najua nitajibiwa kwamba njia ya diploma ipo, aanzie hapo, apande ngazi. Ni kweli ipo, na kwa wanaopenda kazi za ufundi ni njia ya heshima. Lakini anayetaka digrii akianzia diploma anaongeza miaka na karo, na familia inayoishi kwa shamba dogo na asali haina vyote viwili. Hiyo njia huitwa mbadala na watu ambao watoto wao hawatapita huko.

Sheria haijanyamaza. Ibara ya 56 ya Katiba inaitaka serikali iweke mipango maalum ili makundi madogo na yaliyotengwa yapate nafasi maalum katika elimu. Ibara ya 260, inapoeleza jamii iliyotengwa ni ipi, inazitaja waziwazi jamii za kiasili ambazo zimedumisha maisha ya kuwinda na kukusanya chakula porini. Huwezi kuwaeleza Waaweer kwa ukaribu zaidi ya hapo, ingawa uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku nchi nzima 1977 na wao wakageuzwa wahalifu kwenye msitu wao. Waogiek wa Mau wamo humohumo. Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba Kenya imekiuka haki zao, ikiwemo haki ya kutobaguliwa, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Kwa hiyo jambo hili si la Lamu peke yake.

Halafu kuna suala la kaunti. Mpango wowote wa kusawazisha nafasi ukihesabu kaunti, mwenye kufaidika Lamu atakuwa ni mtoto wa Amu mjini, wa Mpeketoni au wa Hindi. Namtakia heri, na wengine ni wanafunzi wangu. Ila yeye na mtoto wa Mararani kinachowaunganisha ni jina la kaunti tu. Tena, niseme ukweli, sisi majirani zao wa Pwani ndio tuliozoea kuwadharau; mkituachia tugawe hizo nafasi wenyewe, sijui kama zingefika msituni.

Wenzetu kwingine wamekwisha kulifanyia kazi jambo hili. Chuo Kikuu cha Campinas, Brazil, kilianza 2018 mtihani wa kujiunga ulio maalum kwa wanafunzi wa jamii za asili, na mtihani huo hupelekwa hadi São Gabriel da Cachoeira, ndani kabisa ya Amazon, badala ya mtahiniwa kuvuka nchi kuufuata. Mwombaji huthibitisha asili yake, na viongozi wa jamii huhusika. Auckland, New Zealand, kitivo cha tiba kina mpango wa kuwapokea Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki tangu 1972. Hufanyiwa mahojiano, na asiye tayari hupewa mwaka mzima wa maandalizi ya sayansi kwanza. Wakishaingia, mtihani wa udaktari ni uleule kwa wote. Hapo ndipo ninapowajibu wanaosema tunashusha viwango: tunazungumzia mlango wa kuingilia, wa kutokea usiguswe. Na JAB, bodi ya udahili iliyokuwepo kabla yenu, iliwahi kuwashushia wasichana alama za kuingia. Sijasikia anayedai leo kwamba wanawake hao ni wahandisi au mawakili nusu.

Niliwahi kuketi na mmoja wa vijana hawa kwenye saiba, mtandao ukija na kukatika, tukitafuta kozi ya misitu. Huyu anajua kumfuata ndege anayewaongoza watu kwenye asali, anajua ni mti upi nyuki hurudi mwaka baada ya mwaka na upi huhama. Kozi ipo. Klasta yake inadai masomo ya sayansi, ambayo msingi wake hujengwa katika madarasa yaleyale aliyoyakosa. Tukafunga ukurasa.

Ninachoomba kinawezekana. Kaeni na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, muanzishe mwaka wa maandalizi ya Hisabati, sayansi na Kiingereza kwa watahiniwa wa jamii hizi waliokaribia C+, na nafasi ya digrii ikiwangoja wakifaulu. Ada yake isiwe mkopo. Mahojiano yafanyiwe Mokowe au Kiunga, na wazee wa vijiji washirikishwe kuthibitisha nani ni nani, maana waongo watakuja, na chifu peke yake hatoshi kuwazuia.

Kundi la kwanza la mtaala wa CBC litaingia vyuo vikuu 2029, na vigezo vyake lazima viandikwe kabla ya hapo. Vichapisheni vikiwa rasimu, na mje kuvisoma Basuba kabla havijapitishwa. Barabara ni mbovu na itabidi msindikizwe na askari, lakini watu wapo na watawasikiliza.

Wako,
Mwalimu wa shule ya upili, Lamu