Deni la Kodi Baada ya Talaka

Dada mmoja aliyehamia Marekani ametuletea barua. Aliachwa na mumewe, eda ikaisha, na hakimu wa huko akaandika katika hukumu kwamba kodi zote za miaka ya ndoa zitalipwa na mume. Dada akadhani mambo yamekwisha. Kumbe mume hakulipa hata senti, na sasa serikali yamdai yeye. Auliza: deni la mtu aliyekwisha kuniacha lanipataje?

Twaufahamu mshangao wake. Katika sheria yetu mali ya mke ni yake, na deni la mume halimpandi ila akiwa amelidhamini kwa hiari yake. Lakini Marekani, mume na mke wakitia sahihi hesabu moja ya kodi ya mapato, kila mmoja huhesabiwa kuwa mdaiwa wa deni zima, wala si nusu yake. Talaka haiifuti sahihi hiyo. Hukumu ya hakimu nayo haiifungi idara ya kodi, iitwayo IRS. Yampa mke haki ya kumshitaki mumewe wa zamani, basi. (Vijana mlioko huko mjue kwamba walio katika ndoa huruhusiwa kuandika kila mmoja hesabu yake, ingawa mara nyingi kodi huwa kubwa zaidi.)

Hata hivyo njia ipo. Sheria ya mwaka 1998 iliweka namna tatu za nafuu, na zote huombwa kwa fomu nambari 8857. Mbili ni za kodi iliyopunjwa, mathalan mume alificha pato, na muda wake ni miaka 2 tangu idara ilipoanza kumdai mwombaji. Bali ikiwa hesabu iliandikwa sawasawa, ila fedha ndizo hazikulipwa, kama ilivyo kwa dada yetu, imebaki namna ya tatu tu, ya kuombea uadilifu. Hiyo huombwa maadamu serikali ingali na haki ya kulikusanya deni, na kwa kawaida haki hiyo hudumu miaka 10.

Hapo ndipo atakapoulizwa mengi. Je, siku alipotia sahihi alijua, au ilimpasa kujua, kwamba mume hatalipa? Alifaidika na fedha zile kupita matumizi ya kawaida ya nyumba? Akilipa, atabakiwa na chakula na pango? Tangu hapo amelipa kodi zake mwenyewe? Tena kama alipigwa au kutishwa hata akaogopa kuuliza, asione haya kueleza, kwani jambo hilo lina uzito mkubwa na laweza kuishinda hoja kwamba alijua. Hukumu ya talaka nayo yafaa hapa, ikiwa ilipoandikwa hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mume hatalipa.

Liko jambo liwatialo wengi hofu: idara yalazimika kumjulisha mume wa zamani kuwa ombi limeletwa, hata akiwa mkatili. Lakini haimpi anwani mpya ya mwombaji, wala jina la anakofanya kazi.

Akikataliwa, ana siku 90 tangu barua ya uamuzi wa mwisho kupelekwa, aende Mahakama ya Kodi. Na kama hana fedha za wakili, ziko ofisi za msaada kwa wenye pato dogo, ambazo hutoza kidogo au hazitozi kabisa. Aende na nakala ya hukumu, na barua zote alizoletewa, pamoja na bahasha zake zenye tarehe.