Makosa Ambayo Kompyuta Haiyalalamikii

Makosa ya mtu anayeanza kujifunza kanzidata ni ya aina mbili, na yafaa yatenganishwe kabla ya mengine yote. Aina ya kwanza ni makosa ya sarufi. Mwanafunzi amesahau nukta-mkato, au hakufunga alama za mtajo, au ameandika jina la jedwali kwa herufi zisizo zake. Kompyuta hukataa papo hapo, hutaja mahali ilipokwama, na mwanafunzi hurekebisha. Aina ya pili ni ile ambayo amri imeandikwa sawasawa, kompyuta imeitii, jibu limetokea kwenye kioo, na jibu lenyewe si kweli. Hapo hakuna anayelalamika. Orodha huchapwa, hutiwa sahihi na kupelekwa ofisini.

Mtindo uliozoeleka wa kufundisha somo hili huanza na amri: namna ya kuunda jedwali, namna ya kuingiza data, namna ya kuuliza. Mwanafunzi akiweza kuandika amri ambayo mashine haikuikataa, huhesabiwa kuwa amefaulu. Mpango huo umesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Makosa ya aina ya kwanza hayahitaji mwalimu, kwa maana mashine yenyewe huyafichua. Mwalimu anahitajika kwa yale ya aina ya pili, nayo ndiyo yanayotengewa muda mdogo kuliko yote.

Asili ya jambo hili imo katika uzuri wa kanzidata zenyewe. Mwezi Juni 1970, Edgar F. Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala yaliyoweka msingi wa kanzidata za uhusiano. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka habari kutoka katika mashine ilimlazimu ajue njia ya kuifikia. Data zilipangwa mithili ya matawi ya mti, au mithili ya wavu wa viungo, naye mwandishi wa programu alipita tawi hadi tawi mpaka afike. Codd alitaka mtumiaji aondolewe mzigo huo. Aeleze anachokitaka, mashine ijitafutie njia. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao pia wa IBM, waliitoa lugha ya kuulizia iliyoitwa SEQUEL. Lugha hiyo baadaye ilibadilishwa jina ikawa SQL, ikafanywa kiwango cha taifa nchini Marekani mwaka 1986 na kiwango cha kimataifa mwaka 1987.

Hapana shaka hiyo ilikuwa neema kubwa. Lakini anayepita njia mwenyewe hujua alipopotea. Anayeletewa jibu mlangoni hajui lilikopitia. Hii ndiyo gharama ya neema hiyo, na wanafunzi hawaambiwi kwamba wanailipa.

Yafaa kwanza neno lenyewe lieleweke. Watu wengi hudhani kwamba kanzidata huitwa ya uhusiano kwa sababu majedwali yake huhusiana. Sivyo. Codd alilichukua neno hilo katika hisabati ya seti, ambamo uhusiano ni seti ya orodha zenye urefu mmoja. Jedwali ndiyo picha ya seti hiyo, na kila mstari wake ni tamko. Mstari wa jedwali la wanafunzi hutamka, mathalani, kwamba mwanafunzi namba 118 alizaliwa mwaka 2009 na anatoka mkoa wa Lindi. Basi swali la kwanza kwa kila jedwali, kabla kompyuta haijawashwa, ni hili: mstari mmoja unatamka nini?

Mwanafunzi asiyeulizwa swali hilo hutengeneza jedwali kama anavyojaza daftari. Katika chumba kimoja huandika “Fizikia, Kemia, Baiolojia”, kisha hushangaa kwamba hawezi kuhesabu wanaosoma Kemia bila kuchambua maneno. Mkoa huuandika kama upendavyo mkono: Dar es Salaam, Dar-es-Salaam, DSM. Kwa binadamu hilo ni jiji moja. Kwa mashine ni mikoa mitatu. Namba za simu huziweka kama namba za hesabu, na sifuri ya mwanzo hupotea, kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Jina la mtu hulifanya ufunguo wa kumtambulisha, ingawa katika shule yoyote ya pwani hapakosekani Juma Hamisi wawili. Haya yote yana dawa inayojulikana: kila chumba kiwe na jambo moja, majina ya mikoa yawekwe katika jedwali lake yenyewe na kurejewa kwa namba, na kila mtu apewe ufunguo wake. Hayahitaji maelezo marefu.

Panapohitaji maelezo marefu ni penye pengo.

Chukulia shule yenye wanafunzi 400, ambayo imeamua kuwapa nauli wale wanaotoka nje ya mkoa wa Tanga. Karani anauliza: nipe wote ambao mkoa wao ni Tanga. Anapata 37. Anauliza tena: nipe wote ambao mkoa wao si Tanga. Anapata 351. Mtu yeyote mwenye akili timamu atasema kwamba kila mwanafunzi ama anatoka Tanga ama hatoki Tanga. Hata hivyo 37 na 351 ni 388. Wanafunzi 12 hawamo katika jibu la kwanza, wala hawamo katika la pili. Kompyuta haikutoa onyo lolote.

Hao 12 ni wale ambao chumba chao cha mkoa kiliachwa bila kujazwa. SQL huliita pengo hilo NULL, na huliona kuwa ni jambo lisilojulikana, si sifuri wala maneno matupu. Ikiulizwa kama jambo lisilojulikana ni sawa na Tanga, hujibu kwamba haijui. Ikiulizwa kama ni tofauti na Tanga, hujibu vilevile. Kwa hiyo mantiki ya lugha hii haina majibu mawili kama ile inayofundishwa katika vipindi vya hisabati, bali matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Na sharti la kuchagua mistari huipokea ile tu ambayo jibu lake ni kweli. Anayetaka wale 12 hana budi kuwaita kwa amri yao maalumu, IS NULL.

Mabingwa wenyewe hawakuafikiana juu ya pengo. Codd alilitetea, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza kwamba mapengo yawe ya aina mbili: la kitu kilichopo lakini hakijulikani, na la kitu kisichohusika kabisa. Chris Date, aliyekuwa mfafanuzi mashuhuri wa nadharia ya Codd mwenyewe, alipinga mapengo yote. Ikiwa wakubwa hao walibishana kwa miaka mingi, si haki mwanafunzi wa kidato cha tatu apitishwe juu ya jambo hili kwa sentensi moja.

Mfano mwingine una hatari zaidi. Kuna jedwali la wanafunzi na jedwali la stakabadhi za malipo, na karani anataka majina ya wasiolipa. Anaandika amri inayosema: nipe wanafunzi ambao namba zao hazimo katika stakabadhi. Amri ni fasaha, na hata kwa Kiswahili inasomeka vizuri. Lakini ikiwa stakabadhi moja tu, kati ya maelfu, iliingizwa bila namba ya mwanafunzi, jibu litakuwa tupu. Mashine haiwezi kuthibitisha kwamba namba fulani haimo katika orodha, maadamu orodha ina kitu kimoja kisichojulikana. Karani ataripoti kwamba hakuna anayedaiwa. Aliyezoea amri ya NOT EXISTS hapati ajali hiyo, na ni vyema wanaoanza wazoeshwe hiyo tangu mwanzo.

Wastani nao una mtego wake. Wanafunzi wanne wana alama 80, 60, 40, na mmoja hakufanya mtihani. SQL itasema wastani ni 60, kwa sababu imegawanya kwa 3. Mwalimu aliyekusudia kwamba asiyefanya mtihani apate sifuri angesema 45. Majibu yote mawili ni halali. Lisilo halali ni kutojua ni lipi lililoulizwa.

Baada ya pengo huja kuunganisha majedwali. Hapa pia kosa hutokea kimyakimya, ila mara hii huenda pande mbili: kupoteza watu au kuzidisha fedha.

Muungano wa kawaida wa jedwali la wanafunzi na jedwali la alama hurudisha wale tu waliomo katika yote mawili. Mwanafunzi aliyelazwa hospitali wiki ya mitihani hana mstari katika jedwali la alama, basi hatoki katika ripoti hata kwa jina. Hakufeli wala hakufaulu, hayupo. Muungano wa nje, unaoitwa LEFT JOIN, humbakiza na kuonyesha pengo mahali pa alama. Tofauti kati ya amri hizi mbili ni neno moja, na mtoto anayefutika kwa kukosekana neno hilo aghalabu ndiye yule aliyepaswa kuangaliwa kwanza.

Kuzidisha hutokea hivi. Mwanafunzi mmoja amelipa ada mara mbili, shilingi 40,000 na shilingi 60,000. Ameazima vitabu vitatu maktaba. Karani anataka ripoti moja yenye jumla ya ada na orodha ya vitabu, hivyo anayaunganisha majedwali matatu kwa namba ya mwanafunzi. Kila malipo hukutana na kila kitabu: mara mbili tatu, mistari 6. Kisha anaagiza malipo yajumlishwe. Kompyuta inasema shilingi 300,000. Hesabu yake haina dosari hata kidogo, kwani imejumlisha mistari sita iliyopewa. Mstari wa jedwali lile la muungano haukutamka malipo. Ulitamka malipo pamoja na kitabu. Aliyejiuliza mstari mmoja unatamka nini angelijumlisha malipo kwanza, kando, kisha ndipo akaunganisha. Mwanafunzi aliyeazima kitabu kimoja atapata jumla sahihi, na asiyeazima chochote atatoweka, kwa hiyo majaribio ya haraka yanaweza kabisa kumtuliza karani.

Juu ya kufuta na kubadili data, wanaoanza huonywa mara nyingi, na onyo hilo ni la haki. Amri ya DELETE isiyo na sharti hufuta mistari yote ya jedwali. Ila onyo peke yake halitoshi. Programu nyingi huithibitisha kila amri mara tu inapotekelezwa, isipokuwa mtumiaji awe amefungua muamala kwanza. Muamala ndio ule ule wa kutuma fedha kwa simu: fedha hutoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine, au hakuna kilichotokea. Mwanafunzi afundishwe kuufungua, kuuliza kwa SELECT yenye sharti lile lile ili aone mistari itakayoguswa, kuihesabu, ndipo afute. Na idadi ikimshtua, aseme ROLLBACK na kurudi alikokuwa.

Wako wanaosema kwamba kuogelea hakufundishwi ubaoni, na kwamba kijana akipewa kompyuta atajifunza kwa kukosea. Hoja hiyo ina nguvu kwa makosa ya aina ya kwanza. Kwa aina ya pili haina, kwa sababu asiyejua kwamba amekosea hajifunzi kitu, bali huimarika katika kosa lake. Aidha, si shule zote zenye kompyuta za kutosha, na uhaba huo, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kikwazo, hapa una faida. Majedwali matatu yenye mistari 5 kila moja yanaweza kuchorwa kwenye karatasi, na darasa zima likayaunganisha kwa penseli.

Shule zenye mashine zinaweza kutumia SQLite, programu ya bure iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo haihitaji seva na inaendeshwa hata na kompyuta kuukuu. Mwalimu atahadhari na mambo mawili. Programu hiyo, kwa kawaida yake, hupokea maneno hata katika safu iliyotangazwa kuwa ya namba. Tena haikagui funguo za kigeni mpaka iamriwe hivyo kila inapofunguliwa, isipokuwa aliyeitayarisha ameibadili. Mwanafunzi anaweza kuingiza alama za mtu asiyekuwepo shuleni, na programu ikanyamaza.

Zoezi la kupimia lisiwe tena “andika amri”. Mwanafunzi apewe majedwali yenye mapengo mawili matatu yaliyowekwa makusudi, apewe na amri iliyokwisha kuandikwa, na atakiwe kutaja kwa kalamu ni mistari mingapi itakayorudi, kabla hajagusa kitufe. Alama zitolewe kwa idadi na kwa sababu yake. Aliyeandika 400 akaona 388 asiruhusiwe kuendelea na swali linalofuata mpaka awe amewataja wale 12 kwa namba zao.