Leseni Umeshailipia, Usikubali Fundi Akuchakachulie

Leo nina ugomvi na mafundi kompyuta wa mjini. Si wote, maana wapo wanaoijua kazi yao na kuiheshimu. Ugomvi wangu ni na yule anayepokea laptopu yenye Windows halali, anaifuta, anakurudishia Windows ya kuchakachua, halafu anakudai hela ya kazi. Na nina ugomvi na sisi wenye laptopu, tena wenye digrii zetu, tunaosema ahsante na kuondoka.

Hapa Bongo tunaita "kupiga Windows". Mashine ikiwa nzito, piga Windows. Virusi vikiingia, piga Windows. Fundi anachomeka flashi yake, anakunywa chai, mambo yamekwisha. Muulize leseni imekwenda wapi, atacheka: "Leseni ya nini bro, si inawaka?"

Hivi tuulizane jamani. Laptopu nyingi zilizoko mikononi mwetu, ziwe mpya au mitumba ya kutoka Dubai na Uingereza, zilitoka kiwandani na Windows ndani. Leseni yake ilihesabiwa kwenye bei. Mnunuzi wa kwanza aliilipa, na wewe uliponunua mashine ikaja nayo. Kwa nini basi utembee na kitu cha wizi wakati cha halali umekibeba kwenye begi lako?

Tatizo ni kwamba hatujui ufunguo umefichwa wapi. Ngoja niseme kwa lugha nyepesi.

Windows XP ilipokuja mwaka 2001, kila leseni ilikuwa na ufunguo wa herufi na tarakimu 25, na mara nyingi ulikuwa kwenye stika iliyobandikwa kwenye kompyuta. Stika ikifutika, na diski ikishafutwa, umeumia. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakaanza kuuweka ufunguo ndani ya chipu iliyoko kwenye madabodi. Futa diski, badilisha diski, ufunguo hauguswi. Kisha Windows 10, mwaka 2015, ikaleta leseni ya kidijitali: seva za Microsoft zinaikumbuka mashine yenyewe, hata ufunguo usipoandikwa popote.

Maana yake ni hii: ukirudisha Windows ya aina ileile iliyokuwemo, ukaunganisha intaneti, kwa kawaida inajithibitisha yenyewe. Hakuna cha kununua wala cha kuchakachua.

Sasa angalia ujanja unapoingilia. Laptopu yako ina leseni ya Windows Home. Fundi ana flashi moja ya Windows Pro, anaipiga kwa kila mteja. Leseni ya Home haifungui Pro, kwa hiyo Windows inadai ufunguo. Fundi hasemi "nimekosea aina". Anazima programu ya kuzuia virusi, anaendesha programu yake ya kuidanganya Windows, anakukabidhi mashine. Amekutengenezea tatizo, kisha amekulipisha kulitatua.

Jipime mwenyewe leo. Fungua PowerShell, andika hivi:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukitokea mstari wa herufi na tarakimu 25, huo ndio ufunguo uliokuja na mashine. Uandike kwenye daftari. Usipotokea kitu usikate tamaa. Huenda leseni yako ni ya kidijitali, au ufunguo uko kwenye stika, au kwenye barua pepe ya risiti kama uliinunua mwenyewe.

Kisha andika slmgr /dli. Yatakuja maelezo ya aina ya leseni pamoja na herufi tano za mwisho za ufunguo unaotumika. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu yako binafsi, shtuka. Hiyo ni leseni ya mashirika, inayopaswa kuthibitishwa upya kila baada ya siku 180 na seva ya shirika. Kama huna shirika, seva hiyo ni ya nani?

Na tahadhari moja. Zipo programu za bure zinazokuonyesha ufunguo uliomo ndani ya Windows. Ukikuta unaishia na 8HVX7 kwa Home, au 3V66T kwa Pro, usishangilie. Hizo ni funguo za jumla ambazo mashine nyingi zenye leseni ya kidijitali huzionyesha. Leseni yako ni ile kumbukumbu ya mashine iliyoko Microsoft, na kuanzia mwaka 2016 unaweza kuiunganisha na akaunti yako. Fanya hivyo kabla ya kumpelekea fundi, si baada.

Najua jibu la wengi: "Sisi maskini, Microsoft tajiri, acha tule." Ningelielewa kama tungekuwa tunamwibia tajiri. Hapa tunajiibia wenyewe. Mtu aliyelipia leseni akaitupa hajamkomoa yeyote; fedha ya Microsoft iliingia siku mashine ilipouzwa.

Halafu kuna hatari yenyewe. Mimi ni ripota. Kwenye laptopu yangu kuna majina ya watu walioniambia mambo kwa siri, na wengine wanaweza kupoteza kazi yakijulikana. Programu inayodai uzime kinga ya virusi kwanza ndipo ifanye kazi, aliyeitengeneza humjui, na unaipa mamlaka yote ya mashine! Wewe huenda si mwandishi, lakini una nywila za benki, una tasnifu, una mafaili ya wateja. Ungempa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba kwa sababu tu amekufungulia kitasa?

Microsoft nao wasijifanye watakatifu. Leseni inayokuja na mashine wameifunga kwenye madabodi. Madabodi ikifa ukaweka nyingine, kwa kawaida leseni imekufa nayo, isipokuwa mtengenezaji mwenyewe aibadilishe kwa sababu ya hitilafu. Huko kwao mashine ikifa wananunua nyingine. Sisi tunatengeneza, tunabadilisha, tunafufua. Utaratibu huu unatuadhibu kwa kutunza mali. Tena msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima kabisa hazina sifa za kupokea Windows 11. Hapo si dhambi kuachana nao. Ubuntu ni bure, haina ufunguo wa kupoteza. Na tusisahau kwamba mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, huru na halali. Njia ya kutoiba ipo, na tulianza kuipita zamani.

Kwa hiyo vijana wenzangu, mkienda kwa fundi ulizeni mambo matatu kabla ya kuiacha mashine. Utapiga Windows aina gani? Ni ileile iliyokuwemo? Utatumia leseni yangu au ya kwako? Akibabaika, chukua laptopu yako ukatafute mwingine. Na wewe fundi unayesoma hapa, andika kwenye risiti aina ya Windows uliyoweka na leseni iliyotumika. Biashara haitakufa. Sana sana utapata wateja wanaorudi.