Mizani ya Ufuta Iwe ya Nani?

Mwaka 2018 kampuni ya Mitsui ya Japani ilinunua hisa zipatazo asilimia 30 za ETG, kampuni iliyoanzia Kenya mwaka 1967 na ambayo hununua korosho, mbaazi, ufuta na mazao mengineyo ya wakulima wa Afrika. Habari hiyo ilisomwa na watu wa mabenki, kisha ikasahauliwa. Lakini inamhusu pia mwalimu wa Mrijo, bwana shamba wa Goima na karani wa ushirika wa Farkwa, kwa maana wilaya ya Chemba hulima ufuta, na Japani hununua ufuta.

Yafaa tuelewe jinsi makampuni hayo yanavyoingia. Mara nyingi hayajengi nyumba mpya, bali hununua ile iliyokwisha kujengwa na mwingine. Toyota Tsusho ilifanya vivyo hivyo mwaka 2012 ilipotwaa sehemu kubwa ya hisa za CFAO, kampuni ya Kifaransa iliyofanya biashara Afrika tangu enzi za ukoloni. Kwa ununuzi huo ilipata matawi, mawakala na, lililo kubwa zaidi, ujuzi wa masoko uliokusanywa kwa zaidi ya karne moja.

Kwa nini Mjapani ashughulike na punje ndogo kama ufuta? Kwa sababu nchi yake hutumia ufuta katika mafuta na vyakula vya kila siku, lakini kinacholimwa kwao hakifiki hata asilimia moja ya mahitaji. Basi mwenye shida si mkulima peke yake. Sisi tunahitaji fedha, naye anahitaji ufuta. Biashara ya haki yaweza kusimama juu ya msingi huo, mradi kila upande ujue thamani ya kile ulicho nacho.

Hapo ndipo penye udhaifu wetu. Mnunuzi wa Tokyo huijua bei ya dunia kila asubuhi. Mkulima wa Kwa Mtoro, akibanwa na njaa kabla ya mavuno, huuza ufuta ungali shambani, au huupima kwa kisado kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu. Anayemnyonya hapo si Mjapani. Ni mlanguzi anayemfahamu kwa jina, mwenye pikipiki na mizani iliyochezewa. Hata hivyo, makampuni makubwa hayawezi kujitoa lawamani, kwani ufuta ulionunuliwa kwa dhuluma kijijini waweza kufika bandarini ukiwa na hati safi.

Dawa ipo. Sheria ya Stakabadhi Ghalani ya mwaka 2005 iliweka utaratibu wa mazao kukusanywa ghalani na kupimwa kwa mizani halali, na minada ya Soko la Bidhaa huwafanya wanunuzi washindane. Wako wakulima wanaonung'unika kwamba malipo hukawia na makato ni mengi. Manung'uniko hayo yasipuuzwe. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirejeshe. Tangu hapo mkulima ana haki ya kuuliza ushirika huu ni mali ya nani. Chama kisichosoma hesabu zake mbele ya wanachama kinamfukuzia mlanguzi wateja.

Jambo la pili ni ubora. Tangu Mei 2006 sheria ya Japani inataka masalia ya kiuatilifu kisichowekewa kiwango maalumu yasizidi miligramu 0.01 kwa kilo. Kopo moja la dawa isiyofaa laweza kukataliwa pamoja na shehena nzima ya wasio na hatia. Bwana shamba asiyefika shambani anahatarisha soko la wilaya.

Barabara tunayo. Ile ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, inayopita Chemba, ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na sehemu yake kubwa ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na shirika la JICA la Japani. Mikopo hiyo tutailipa sisi, kwa jasho la mkulima huyo huyo. Lakini barabara haichagui msafiri. Humpitisha mlanguzi kama inavyompitisha mwanachama wa ushirika.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi, kazi ni yetu. Mwalimu wa hesabu awafundishe watoto kusoma mizani na stakabadhi, maana wao ndio watakaowasomea wazazi wao. Afisa ushirika ahakikishe bei ya mnada inabandikwa kijijini siku hiyo hiyo. Afisa vipimo asingoje malalamiko ndipo akakague mizani. Na halmashauri ianze kufikiria kukamua mafuta ya ufuta hapa hapa, badala ya kusafirisha punje tu mwaka hadi mwaka.

Mjapani anajua anachokitaka Afrika, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni sisi kukaa mezani naye bila kujua tunachokitaka kwake.