Motokaa Kuukuu: Tuinunue au Tuiache?

Mavuno ya kakao yakiisha, nyumba nyingi za Eringeti huwa na fedha kidogo mkononi, na fedha iliyo mkononi haikosi kuleta mashauri. Juma lililopita akina baba watatu wa ukoo mmoja walitujia jioni, wakatueleza habari ya Land Rover ya zamani iliyosimama miaka mingi chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya jirani yao. Bei yake ilikuwa ndogo. "Yataka betri tu, Mwalimu," walituambia, "na mwili wake haujaliwa na kutu hata kidogo." Nia yao ilikuwa njema: kupeleka kakao Beni, mwendo wa kilometa zipatazo 60, na kuwachukua wagonjwa wanaozidiwa usiku. Lakini katika fedha ile ile mlikuwamo karo ya watoto wao. Tuliwasihi wangoje siku 3, kisha twende pamoja tukaitazame.

Wazazi wapenzi, na ninyi wanafunzi wetu, twaandika leo tuliyoyaona huko, kwa kuwa motokaa za namna hii ziko nyingi katika nchi yetu, na wenye kuzitamani ni wengi zaidi.

Neno la kwanza ni juu ya huo mwili usio na kutu. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Vita kuu ilikuwa imekwisha punde, na chuma cha pua kilikuwa haba katika Uingereza. Basi watengenezaji waliivika motokaa yao bati la alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ndiyo maana hata zile za miaka ya 1960 na 1970 zaweza kusimama mvuani zikaonekana bado na afya. Lakini chini ya vazi hilo iko shasi, nayo ni ya chuma, imeungwa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia katika uwazi huo yasitoke, yakala chuma toka ndani kwenda nje. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu hapa, ukingoni mwa msitu mkubwa, mvua hainyeshi siku moja ikaondoka. Basi mwenye kuisifu Land Rover kwa sababu ya milango yake amelisifu vazi, hajamwona mgonjwa.

Tulitandika mkeka, tukalala chini ya motokaa tukiwa na nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima hugongwa kikalia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, kama ya mti uliooza. Mahali pa kugonga kwanza ni boriti ya nyuma kabisa, kisha pale springi zinaposhikwa na shasi, kisha chini ya miguu ya dereva, kwa maana ukuta ule ulio mbele ya dereva nao ni wa chuma. Penye sauti nzito, sukumeni bisibisi. Na mkiona shasi imepakwa rangi nyeusi mpya, nzito, hali mwili wote ni mkuukuu, ulizeni rangi hiyo imewekwa ili kuficha nini. Katika motokaa yetu sehemu ya mbele na ya kati ziliitika vizuri. Boriti ya nyuma, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini.

Neno la pili ni injini. Muuzaji alikuwa amekwisha azima betri, ataka kuiwasha ili kutufurahisha. Tulimzuia kwa adabu. Injini iliyolala miaka mingi haina mafuta juu ya kuta za silinda, na pengine pistoni zimeshikamana nazo kwa kutu. Kuiamsha kwa nguvu ni kuivunja. Fundi alifungua buji, akatia mafuta kidogo katika kila silinda, akaiacha hadi kesho yake, ndipo akaizungusha polepole kwa mkono. Ikazunguka. Tulitazama pia mafuta ya injini: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani, na gharama ni kubwa. Petroli ya zamani imwagwe yote. Breki zisiaminiwe hata zikionekana kushika, wala tairi zenye nyufa ubavuni hata zikiwa na meno mazuri. Katika mteremko hakuna anayeokolewa na bei rahisi aliyoipata.

Lakini angalieni tofauti hii. Injini mbovu yaweza kutolewa ikatiwa nyingine. Shasi ndiyo msingi wa nyumba. Ikiisha kuoza kote, kila kitu kilicho juu yake hubomolewa. Hivyo, msikilizeni nyundo kabla ya kuisikiliza injini.

Neno la tatu ni hesabu, na hapa twaomba wanafunzi watoe kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, muuzaji ataka dola 1,000. Kuchomelea shasi ni 300, tairi nne 400, breki 200, betri na nyaya 150, injini 350, hati 100. Jumla ya matengenezo ni 1,500. Na kwa kuwa motokaa kuukuu haikosi siri, ongezeni theluthi ya hayo, yaani 500. Basi motokaa ya dola 1,000 ni ya dola 3,000. Ikiwa nyingine ya namna hiyo hiyo, inayotembea, yauzwa Butembo kwa 2,800, mwenye akili aiache ile ya mwembeni. Vipuri vya Land Rover za zamani bado hutengenezwa ng'ambo, ila kufika kwetu hutaka fedha na uvumilivu. Rahisi ghali.

Limebaki neno la nne, nalo ndilo lililotunyima usingizi. Tuliomba kuona karatasi ya gari, ile tuliyozoea kuiita karte roze, tukalinganisha namba yake na ile iliyochongwa katika shasi. Namba zilipatana. Jina halikupatana. Yule muuzaji alikuwa mlinzi tu, aliyeachiwa motokaa na jirani yake.

Sote twakumbuka mauaji yaliyoanza katika wilaya ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, na shambulio la Eringeti penyewe tarehe 29 Novemba 2015. Watu walikimbia na kilichoweza kubebwa kichwani. Motokaa isiyowaka haibebwi kichwani. Kwa hiyo katika nchi yetu motokaa iliyoachwa si lazima iwe imetupwa. Pengine mwenyewe angali hai mahali fulani, akiihesabu kuwa ndiyo mali yake ya mwisho. Tulipouliza tulipata habari kwamba mwenye Land Rover ile amefariki ukimbizini, na mjane wake yuko Butembo na watoto wanne. Hakujua kwamba motokaa ya mumewe yauzwa.

Mlinzi aliona haya, nasi hatukumwaibisha zaidi. Miaka yote hiyo aliitunza, na ujira wa haki anastahili. Wale baba watatu walinyamaza kitambo. Kisha mkubwa wao akasema, "Kama ni mali ya mjane, bei ile tuliyoifurahia ilikuwa bei ya wizi." Wamempigia mama yule simu. Atakuja pamoja na shemeji yake, na mapatano yataandikwa mbele ya chifu na mashahidi, boriti iliyooza ikihesabiwa, na haki ya mlinzi pia. Wakikubaliana, watanunua, wasipokubaliana, karo ipo, na kakao itakwenda Beni kama inavyokwenda sasa.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kuuliza bei ya motokaa kuukuu, ulizeni mambo mawili: chini yake pakoje, na mwenyewe ni nani. La kwanza lajibiwa kwa nyundo. La pili halitaki chombo chochote, ila mtu asiyeona uvivu kuuliza.