Hita za magari na hatari ya moto: wito wa kurejesha gari haumfikii mnunuzi wa mtumba

Desemba 2018 kampuni ya Ford ilitangaza kuyaita yarejeshwe kwa matengenezo magari yapatayo 874,000 ya aina ya F-150 na F-Series Super Duty yaliyouzwa Amerika ya Kaskazini. Chanzo kilikuwa hita ya injini. Maji na uchafu vilikuwa vikiingia kwenye kiungio cha waya wa hita hiyo, vikaleta kutu, na kutu ikaweza kuleta shoti na moto. Aprili 2019 General Motors nayo iliita pikapu nzito za dizeli zipatazo 368,000 za toleo la 2017 hadi 2019, zenye tatizo linalofanana na hilo. Ford ilikuwa imepokea taarifa tatu za moto, bila majeruhi. GM ilikuwa na taarifa 19.

Kwa msafirishaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, habari hii huonekana ya mbali. Hita ya injini ni kifaa cha nchi za baridi kali: gari linachomekwa kwenye umeme wa nyumbani usiku kucha ili maji ya injini yasigande na gari liwake asubuhi. Si bahati kwamba zaidi ya nusu ya magari ya Ford yaliyohusika yalikuwa Kanada. Hakuna dereva anayechomeka lori lake kwenye umeme pale Mariakani au Tunduma.

Lakini biashara ya magari katika ukanda huu ni biashara ya mitumba. Hivyo swali linalomhusu mfanyabiashara ni hili: gari lenye kasoro iliyotangazwa likiuzwa tena na kuvuka bahari, nani atamwambia mnunuzi, na nani atalipia matengenezo?

Barua hufuata mmiliki, haifuati gari

Utaratibu wa Marekani ni huu. Mtengenezaji akigundua kasoro ya usalama huitaarifu mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, kisha humwandikia barua kila mmiliki aliyesajiliwa. Mmiliki hulipeleka gari kwa wakala na kutengenezewa bure, mradi halijapita miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza.

Barua hiyo hutumwa kwenye anwani iliyo katika usajili wa Marekani. Gari likishauzwa mnadani na kupakiwa melini, barua haina pa kwenda. Tena sheria ya nchi hiyo haimkatazi muuzaji wa magari yaliyotumika kuuza gari ambalo halijarekebishwa. Waliobanwa, tangu mwaka 2016, ni wakodishaji wenye magari zaidi ya 35, ambao hawaruhusiwi kulikodisha au kuliuza gari lenye wito kabla ya kulitengeneza. Kwa mnada wa kawaida, jukumu la kuuliza linabaki kwa mnunuzi.

Pikapu za Kimarekani zina usukani wa kushoto, hivyo soko lake la kawaida katika kanda hii ni nchi zinazoendesha upande wa kulia: Rwanda, Burundi na Kongo. Wasafirishaji wa Kenya, Uganda na Tanzania, wanaoendesha upande wa kushoto, hununua vichwa vya malori kutoka Uingereza. Nako kuna utaratibu wa kurejesha magari, na tatizo la mnunuzi wa pili ni lile lile: jina lake halimo katika daftari la mtu yeyote kule lilikotoka gari.

Ukaguzi wa gari kabla ya kuingizwa nchini hauzibi pengo hilo. Mkaguzi hutazama hali ya gari siku ile: breki, taa, matairi, chesisi, moshi. Waya ulioanza kula kutu ndani ya kiungio hauonekani kwa macho.

Hita zote hazina hatari sawa

Hapa ndipo msafirishaji anapotakiwa kutofautisha, kwa sababu neno hita linabeba vifaa vitatu tofauti.

Cha kwanza ni hita ya injini kama zile za Ford na GM. Hatari yake hutokea inapochomekwa kwenye umeme. Ford yenyewe iliwaambia wateja wasiichomeke mpaka gari litengenezwe. Katika mazingira ya Afrika Mashariki, kifaa hiki hakina kazi. Fundi anaweza kuuondoa waya wake na kufunika mdomo wa kifaa, bila kung'oa hita yenyewe, maana iko ndani ya maji ya injini na ikitolewa huacha tundu linalovuja.

Cha pili ni kifaa cha kupasha joto hewa inayoingia kwenye injini ya dizeli. Hiki hakihitaji plagi, kinatumia umeme wa betri. Mwaka 2021 kampuni ya Stellantis iliita pikapu nzito za Ram zenye injini ya Cummins ya lita 6.7, takriban 131,000 nchini Marekani, kwa sababu rilei ya kifaa hicho iliweza kupata shoti na kuchemka. Wenye magari walishauriwa kuyaegesha nje, mbali na majengo, kwa kuwa moto uliweza kuanza hata injini ikiwa imezimwa. Kasoro ya namna hii haitegemei baridi ya Kanada. Gari likiwa Goma, hatari iko Goma.

Cha tatu ni hita ya kebini inayochoma dizeli, kama zile za Webasto na Eberspächer, ambazo huja zikiwa zimefungwa kwenye malori mengi ya Ulaya. Ina bomba la mafuta, moto halisi ndani yake na bomba la moshi chini ya kebini. Wako madereva wanaoiwasha wakilala sehemu za juu zenye baridi, kama Timboroa au Makambako. Hita hii inatakiwa iwe imezimwa wakati wa kujaza mafuta, na ikizimwa feni yake huendelea kwa dakika chache ili kupoza. Dereva anayekata umeme wa betri papo hapo anaiacha ikiwa na moto ndani. Kwa matenki ya mafuta, jambo hili ni la kuandikwa katika maagizo ya kampuni.

Moto ukitokea, bima ipi?

Wasafirishaji wengi huvuka mipaka wakiwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inaitambua ingawa si mwanachama wa COMESA. Kadi hiyo inahusu madhara kwa watu wengine na matibabu ya dharura. Haimlipi mwenye lori lililoungua, wala mwenye mzigo. Lori linahitaji bima kubwa, na mzigo unahitaji bima yake ya safarini.

Hata mwenye bima kubwa ana la kufikiri. Mikataba mingi ina sharti la kulitunza gari katika hali nzuri. Kasoro iliyotangazwa hadharani na kuachwa bila kurekebishwa humpa mwenye bima nafasi ya kubishia madai.

Kwa mizigo ya kupita, kama ile ya Kongo au Zambia kupitia Dar es Salaam, kuna dhamana ya forodha pia. Mzigo ulioungua njiani haujatoka nchini. Bila taarifa ya polisi na uthibitisho wa forodha, mwenye dhamana anaweza kudaiwa kodi ya bidhaa ambazo zimekuwa majivu.

Kabla ya kulipa

Kinga ya haya yote haina gharama kubwa. Mnunuzi amtake muuzaji atume namba kamili ya chesisi, yenye tarakimu na herufi 17, kabla ya kutuma fedha. Kwa gari la Marekani, namba hiyo huingizwa katika tovuti ya NHTSA au ya mtengenezaji bila malipo, na majibu huonyesha kama kuna wito ambao haujafanyiwa kazi. Uingereza nayo ina huduma ya serikali ya kuangalia wito. Ukikutwa upo, muuzaji alipeleke gari kwa wakala kabla halijapakiwa, maana huko matengenezo ni bure. Hati ya kazi hiyo isafiri na nyaraka nyingine za gari.

Kwa lori ambalo tayari liko barabarani, mwenye kampuni ampe wakala wa chapa hiyo aliye karibu namba ya chesisi na kuuliza. Kama hakuna wakala, fundi umeme anayeaminika akague waya na fyuzi za hita zote. Isiyotumika itolewe fyuzi, na ya dizeli ifungiwe mafuta kutoka kwenye tangi. Hiyo ni kazi ya nusu siku gereji, na lori linaweza kuondoka na mzigo jioni hiyo hiyo.